Alexander Fleming na Siri ya Machozi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoeana na machozi mapema. Huyakuta katika mashairi ya mahaba, katika tenzi za maombolezo, katika riwaya na katika tamthilia, na kila yanapotajwa hufunzwa kuyafasiri: haya ni ya huzuni, haya ni ya furaha, na yale ni ya unafiki. Kwetu Nyamira machozi yana sababu nyingine pia. Apulizaye kuni mbichi jikoni alfajiri ya mvua, au akatakataye vitunguu vya mboga ya wageni, hulia bila ya kufiwa. Hata hivyo, ni nadra sisi wa fasihi kuuliza machozi yenyewe ni kitu gani, yamebeba nini ndani yake, na yanafanya kazi gani siku ambazo hatulii.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeuliza maswali hayo. Alexander Fleming anafahamika ulimwenguni kote kwa sababu ya penisilini, na kila mwanafunzi aliyepitia somo la biolojia katika shule zetu amekutana na jina lake. Lisilofahamika sana ni kwamba takriban miaka saba kabla ya kuiona penisilini, Fleming alikuwa amekwisha kugundua ndani ya machozi ya binadamu kimeng'enya kinachoangamiza bakteria. Maoni ya makala haya ni kwamba ugunduzi huo wa kwanza haukuwa jambo dogo la kupitiwa haraka. Ndio uliomfunza Fleming namna ya kuitazama dawa, na ndio uliowaelekeza wengine kwenye penisilini. Aidha, atakayeyafahamu maisha yake kwa mpangilio huo atakuwa na sababu ya kuogopa jinsi dawa zinavyonunuliwa na kumezwa kiholela katika masoko yetu ya Kisii na Nyamira.

Kuzaliwa na Malezi

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, eneo la Ayrshire nchini Scotland. Ilikuwa nchi ya vilima, mvua nyingi, ng'ombe na kondoo, na mtoto wa Manga au Kebirigo angepelekwa huko asingeona ugeni mkubwa ila wa baridi. Babake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima. Mamake, Grace Stirling Morton, alikuwa mke wa pili, aliyeolewa baada ya mke wa kwanza kufariki. Alexander alikuwa na umri wa miaka saba tu babake alipoaga dunia, na mzigo wa shamba pamoja na watoto ukawaangukia mama na kaka wakubwa.

Masomo yake ya awali aliyapata katika shule ndogo ya kijijini ya Loudoun Moor, kisha Darvel, na baadaye Kilmarnock. Watoto wa nchi hiyo walitembea mwendo mrefu kwenda shuleni, wakipita mashambani na kandokando ya vijito. Malezi hayo ya kukaa nje yalimjengea tabia ya kuona mambo madogo ambayo wengine huyapita.

Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alihamia London kuishi na kakake Thomas, aliyekuwa tabibu wa macho. Akasoma kwa muda katika taasisi ya Regent Street Polytechnic, kisha akaajiriwa kama karani katika kampuni ya meli. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne pasipo kuipenda. Bahati yake ilifunguka mwaka 1901, alipopata urithi mdogo kutoka kwa ami yake. Kwa ushauri wa Thomas, aliutumia urithi huo kusomea udaktari.

Chuo cha Tiba na Mwalimu Wright

Fleming alijiunga na chuo cha tiba cha Hospitali ya St Mary's, London. Hakukichagua kwa sababu ya sifa za kitaaluma. Inasimuliwa kwamba aliwahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu ya chuo hicho, na hilo likatosha. Alihitimu mwaka 1906, akiwa miongoni mwa wanafunzi bora, na alikuwa na nia ya kuwa mpasuaji. Lakini chama cha walenga shabaha cha hospitali hakikutaka kumpoteza mpigaji hodari wa bunduki, hivyo akatafutiwa nafasi katika idara ya chanjo iliyoongozwa na Almroth Wright. Nafasi aliyoipata kwa ajili ya bunduki ikawa ndiyo kazi yake ya maisha.

Wright alikuwa mtu wa maneno mengi na hoja kali. Fleming, kinyume chake, alikuwa mkimya kiasi cha kuwachosha waliotaka kuzungumza naye. Hata hivyo, aliipokea kutoka kwa mwalimu wake imani moja ambayo hakuiacha tena: kwamba mwili wa binadamu una askari wake wenyewe, na kwamba kazi ya tabibu ni kuwasaidia askari hao wala si kuwapuuza. Askari waliokuwa wakitazamwa zaidi wakati huo ni chembe nyeupe za damu, ambazo humeza na kuangamiza vijidudu.

Vita na Vidonda

Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka mwaka 1914. Kwetu Gusii havikuwa habari za mbali. Septemba ya mwaka huo huo jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka koloni lao la kusini, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara, likauingia mji wa Kisii na kupambana na jeshi la Waingereza. Baadaye Waafrika wengi wa Kenya walilazimishwa kuwa wapagazi wa jeshi, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Wakati huo Fleming alikuwa Boulogne, Ufaransa, ambako Wright na wenzake walifungua maabara katika jumba lililokuwa la michezo ya kamari. Majeruhi walioletwa hapo walikuwa na vidonda vyenye udongo, vipande vya chuma na vya nguo. Desturi ya madaktari wa enzi hiyo ilikuwa kuvimiminia vidonda dawa kali za kuulia vijidudu. Fleming alitengeneza kwa kioo mfano wa kidonda chenye mianya na mashimo mengi, kisha akaonyesha kwamba dawa hizo hazifiki kwenye mianya ya ndani wanakojificha bakteria. Baya zaidi ni kwamba ziliziua chembe nyeupe za damu kwa kasi kuliko zilivyowaua bakteria. Mgonjwa alikuwa akinyang'anywa askari wake na dawa iliyokusudiwa kumponya. Fleming na Wright walipendekeza kidonda kisafishwe, nyama iliyokufa iondolewe, na mwili uachiwe nafasi ya kujitetea. Wengi hawakuwasikiliza.

Msomaji kutoka Kisii huenda akawakumbuka hapa ababari, wapasuaji wa jadi wa Wagusii waliofungua fuvu la mtu aliyeumizwa kichwa. Kazi yao imeandikwa na madaktari waliofika huku katika karne ya ishirini, wakastaajabia kwamba wagonjwa wengi walipona. Hatusemi kwamba ababari na Fleming walijuana, wala kwamba kazi zao zilifanana. Tunachokumbusha ni kwamba kidonda hupona kwa nguvu za mwenye kidonda, naye mganga ni msaidizi tu.

Machozi Katika Maabara

Fleming alirejea St Mary's vita vilipomalizika. Mwaka 1915 alikuwa amemwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland, na mtoto wao wa pekee, Robert, alizaliwa mwaka 1924. Maabara yake ilikuwa chumba kidogo kilichojaa sahani za kioo za kuoteshea bakteria. Wenzake walimtania kwa sababu hakuzisafisha haraka. Alikuwa akiziacha kwa majuma kadhaa, kisha akizitazama tena moja moja kabla ya kuzitupa, asije akapitwa na jambo.

Mnamo Novemba 1921 Fleming alishikwa na mafua. Alichukua kamasi yake mwenyewe akaiotesha katika sahani. Baada ya siku kadhaa sahani ilijaa makundi ya bakteria wa rangi ya manjano, ila pale palipokuwa na kamasi hapakuwa na kitu, na makundi yaliyokuwa karibu yalikuwa yameyeyuka. Akalijaribu jambo hilo kwa njia nyingine. Alichanganya bakteria hao na maji hadi maji yakawa meupe kama ya mchele, kisha akaongeza kamasi kidogo. Baada ya muda mfupi maji yaliangaza, kwa kuwa bakteria wote walikuwa wamepasuka.

Baada ya kamasi ulifika wakati wa machozi, na matokeo yakawa yale yale, tena kwa nguvu zaidi. Tone moja lilitosha kuyeyusha bakteria waliojaa ndani ya chupa ndogo. Tatizo likawa ni jinsi ya kupata machozi ya kutosha. Fleming na msaidizi wake, V. D. Allison, walikamuliana ndimu machoni kwa majuma mengi. Wageni walioingia maabara hawakusalimika, na wahudumu wa maabara walilipwa senti chache kila walipokubali kulizwa. Jarida la hospitali likachapisha kikatuni cha kuwafanyia mzaha, kikionyesha watoto wakichapwa ili machozi yao yakingwe.

Uchunguzi huo ulionyesha kwamba kitu hicho hakikuwa katika machozi na kamasi pekee. Kilikuwemo katika mate, katika chembe nyeupe za damu na katika maziwa ya mama, na kwa wingi mno katika ute wa yai la kuku. Fleming alitambua kwamba ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemikali, na kikapewa jina la laisozimu. Desemba 1921 alilisomea jopo la wataalamu wa tiba matokeo yake. Sauti yake ilikuwa ya chini na maelezo yake hayakuwa na mvuto. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza swali hata moja. Makala yake kamili yalichapishwa na Royal Society mwaka 1922, nayo hayakuzua gumzo.

Ukimya huo ulikuwa na sababu. Bakteria walioyeyushwa upesi na laisozimu ni wale wasio na madhara makubwa kwa binadamu. Wale wa maradhi mazito waliweza kuihimili. Fleming mwenyewe alilieleza jambo hilo vizuri: bakteria wengi hatuwaoni kuwa hatari kwa sababu tayari tuna silaha dhidi yao, na wale tunaowaita hatari ni wale waliokwisha kuizoea silaha hiyo. Jicho liko wazi mchana kutwa, likipigwa na vumbi, moshi na upepo, na lisingedumu bila ya ulinzi huu.

Kutoka Machozi Hadi Penisilini

Mwanzoni mwa Septemba 1928 Fleming alirudi kutoka likizoni, akaanza kuzikagua sahani alizoziacha. Katika sahani moja palikuwa na kuvu iliyoingia kwa bahati, na kandokando yake bakteria walikuwa wameyeyuka. Mtu mwingine angeitupa sahani hiyo kama iliyoharibika. Lakini Fleming alikuwa amekwisha kuiona picha hiyo miaka saba iliyotangulia, pale kamasi ilipowayeyusha bakteria wa manjano. Macho yake yalikuwa yamefunzwa na machozi.

Kitu kilichotoka katika kuvu hiyo alikiita penisilini, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Swali alilolipa uzito tangu mwanzo ni lile la Boulogne: je, dawa hii itaziua chembe nyeupe za damu? Akaona kwamba inawaua bakteria wa maradhi mazito huku ikiziacha chembe hizo salama. Tofauti nyingine inafaa kutajwa. Bakteria amezungukwa na ukuta. Laisozimu hubomoa ukuta uliokwisha kujengwa, ilhali penisilini humzuia bakteria kuujenga anapokua. Silaha ya mwili na silaha ya kuvu zinashambulia boma moja kwa mbinu mbili.

Fleming na wasaidizi wake hawakufaulu kuisafisha penisilini ikawa dawa ya kudumu. Mwaka 1930, katika mji wa Sheffield, tabibu Cecil Paine, aliyewahi kusoma St Mary's, aliitumia penisilini ghafi kuwatibu watoto wachanga waliokuwa na maambukizi ya macho, na baadhi wakapona. Hivyo jicho, ambalo machozi yake yalimfungulia Fleming mlango, likawa miongoni mwa viungo vya kwanza kuponywa kwa penisilini. Hata hivyo, Paine hakuchapisha matokeo yake, na habari hizo zikalala.

Waliokuja kuiamsha penisilini walifika kwa njia ya machozi. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Howard Florey alikuwa amevutiwa na laisozimu kwa miaka kadhaa, na aliwakabidhi wenzake kazi ya kuichunguza. Mmoja wao, Ernst Chain, alipokuwa akitafuta vitu vingine vyenye uwezo wa kuwayeyusha bakteria, aliyakuta makala ya Fleming ya mwaka 1929. Mei 1940 walifanya majaribio kwa panya, na Februari 1941 kwa askari polisi aliyekuwa mahututi. Askari huyo alipata nafuu ya kushangaza, lakini dawa ilikwisha kabla hajapona, akafariki. Katika miaka iliyofuata viwanda vya Marekani na Uingereza viliitengeneza kwa wingi, ikaokoa maisha ya askari na raia wasiohesabika.

Sifa, Onyo na Kifo

Mwaka 1944 Fleming alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain. Magazeti yalimtukuza yeye kuliko wenzake, jambo ambalo si haki kamili, kwa kuwa bila ya Oxford penisilini isingefika kitandani mwa mgonjwa. Lakini heshima hizo hazikumlevya. Katika hotuba yake ya Nobel alionya kwamba siku itafika penisilini itauzwa madukani, na mtu asiyejua atajipa kipimo kidogo kisichotosha kuwaua bakteria, naye atakuwa amewafunza kuihimili dawa. Tayari mwaka 1940 watafiti wa Oxford walikuwa wamegundua kimeng'enya kinachotengenezwa na baadhi ya bakteria ili kuivunjavunja penisilini.

Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Voureka, daktari Mgiriki aliyefanya kazi katika maabara yake. Tarehe 11 Machi 1955 Fleming alifariki ghafla nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yalizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's.

Urithi Wake Kwetu

Laisozimu haikuzikwa naye. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake jijini London walifaulu kuonyesha umbo lake lote kwa kutumia miale ya eksirei, ikawa kimeng'enya cha kwanza kujulikana umbo kwa njia hiyo. Miaka michache baadaye machozi yaliwafunza madaktari somo lingine. Dawa ya moyo iitwayo praktololi ilianza kutumika Uingereza mwaka 1970. Baadhi ya walioitumia walipata ukavu mkali wa macho, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Machozi ya wagonjwa hao yalipopimwa, laisozimu ilikuwa imepungua. Mwaka 1975 matumizi ya kawaida ya dawa hiyo yalisitishwa.

Praktololi haipo tena katika maduka yetu, lakini somo lake lipo. Vidonge vingi vya zamani vya mafua na mzio, baadhi ya dawa za kutibu sonona, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kupunguza machozi. Tezi inapotoa machozi machache, na vimeng'enya vinavyofika juu ya jicho huwa vichache. Hata baadhi ya matone ya macho yana kemikali ya kuyahifadhi ambayo, yakitumiwa mara kwa mara kwa muda mrefu, huuchokoza uso wa jicho. Hii si sababu ya mtu kuacha dawa aliyoandikiwa. Ni sababu ya kumuuliza daktari kwanza.

Nayasema haya kwa kuwa yamefika nyumbani. Nyanya yangu, mchuma chai wa Nyamira kwa miaka mingi, alikuwa akinunua vidonge vya mafua sokoni kila msimu wa baridi, akivimeza majuma kwa majuma. Macho yakaanza kumwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Akanunua matone, kisha matone mengine. Tulipompeleka kwa daktari, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa ni dawa gani anazotumia. Nilikuwa mkalimani kati ya Kiingereza cha daktari na Ekegusii cha nyanya, nami niliyesomea lugha kwa miaka mingi nikakosa neno. Nilisema tu kwamba machozi yake yamekauka. Naye akacheka, akaniambia kwamba kwa misiba aliyoipitia hilo halikuwa jambo la ajabu.

Hitimisho

Maisha ya Alexander Fleming yanatufunza kwamba mkubwa wa utafiti si yule tu mwenye vyombo vingi, bali pia yule asiyedharau kamasi wala chozi. Yanatufunza pia kwamba dawa njema ni ile inayouheshimu ulinzi ambao mwili umejijengea, na kwamba dawa hiyo hiyo ikitumiwa pasipo kipimo hugeuka kuwa msaada kwa adui.

Kwetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili lipo deni la ziada. Istilahi tunazo: kimeng'enya, chembe nyeupe, kuvu, tezi, maambukizi. Zimo katika kamusi, lakini bado hazijafika sokoni Keroka wala jikoni kwa nyanya. Kazi ya kuzifikisha huko haiwezi kuachiwa wanasayansi peke yao. Tumeyaimba na kuyachambua machozi kwa karne nyingi. Sasa na tuyaeleze, ili mwenye macho makavu ajue anachokikosa na aweze kukitaja kwa daktari wake.